Sura na Saini katika Leseni ya Udereva: Wajibu Wetu Mbele ya Sheria na Mbele ya Jirani

Barabara ya njia nne inayoanzia Sakina, upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, huishia Tengeru baada ya kilomita 14.1. Kuanzia hapo, msafiri anayeelekea Usa River na Moshi hurudi katika barabara ya njia mbili, na magari yaliyokuwa yakienda sambamba hulazimika kupangana upya. Siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za soko, mahali hapo hujaa akina mama wenye mikungu ya ndizi na magunia ya mboga, daladala zinazoita abiria, malori ya mizigo, na vijana wa bodaboda wanaoingia na kutoka katika njia za vumbi zinazopanda kuelekea mlimani Meru. Kila mmoja wao anategemea kwamba yule aliyeshika usukani au mkono wa pikipiki anaijua kazi yake.

Tegemeo hilo limefungwa katika kadi ndogo iitwayo leseni ya udereva. Juu ya kadi hiyo kuna mambo mawili ambayo mara nyingi tunayapita bila kuyatafakari: picha ya mwenye leseni, na saini yake. Baadhi yetu tunayaona kuwa usumbufu wa ofisini, na wengine tunayaona kuwa chanzo cha gharama. Wapo pia, hapa Afrika ya Mashariki na ng'ambo, walioyatazama kwa hofu ya kidini. Katika tafakari hii tungependa kuwaalika waamini wayaangalie mambo haya mawili kwa jicho la imani na la uraia mwema, kwa kuwa ndani yake yamo masuala ya uhai wa jirani, ukweli wa neno letu, na haki ya maskini anayetafuta riziki yake barabarani.

Sheria inadai nini?

Nchini Tanzania, udereva unaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Kwa kawaida, mwombaji huanza na leseni ya mwanafunzi, hupata mafunzo katika chuo cha udereva, kisha hupimwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Akishafaulu, hufika katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo inayotoa kadi. Huko hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole, na hutia saini.

Mfumo huu wa kadi za kielektroniki ulianza mwaka 2010. Kabla ya hapo leseni ilikuwa ya karatasi, na leseni ya namna hiyo ilikuwa rahisi kughushiwa. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi miaka 5, na ada yake ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 70,000. Kadi hutofautiana kwa madaraja: daraja A ni la pikipiki, C ni la magari ya abiria, D ni la magari binafsi, na E ni la magari ya mizigo. Kwa hiyo mtu mwenye daraja D hana ruhusa ya kuendesha basi la abiria, hata kama sura na saini ni zake kabisa.

Tukichunguza, tunaona kwamba picha na saini zina kazi mbili tofauti. Picha hujibu swali la askari, la abiria na la hakimu: je, huyu ndiye aliyepewa ruhusa? Huzuia mtu kutumia leseni ya kaka yake au ya rafiki yake. Saini hujibu swali jingine: je, mtu huyu amekubali? Picha hupigwa na mtu mwingine, nasi twaweza kupigwa hata tukiwa tumenyamaza. Saini hutoka katika mkono wetu wenyewe. Anayetia saini anatamka, bila sauti, kwamba maelezo aliyotoa ni ya kweli na kwamba anaupokea wajibu unaokwenda na ruhusa aliyopewa. Naye asiyejua kuandika huweka dole gumba, na alama hiyo ni neno lake sawasawa na maandishi ya msomi.

Hofu za watu na uhuru wa dhamiri

Si haki kuwacheka wanaohofia kuandikishwa. Katika historia yetu, karatasi za utambulisho hazikuletwa daima kwa ajili ya mafao ya wengi. Nchini Kenya, tangu mwaka 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, mara nyingi kikiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walipaza sauti dhidi ya mzigo huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapa Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi katika mashamba ya walowezi. Mfanyakazi alihesabiwa siku zake kwa alama alizowekewa na wengine. Kumbukumbu za namna hiyo hazifutiki upesi, na serikali inayotaka kuaminiwa na raia yapaswa kuzikumbuka.

Miaka ya karibuni hofu imevaa vazi la dini. Kenya ilipoanza kuandikisha watu katika Huduma Namba mwaka 2019, baadhi ya Wakristo waliihusisha namba hiyo na chapa ya mnyama inayotajwa katika sura ya 13 ya Kitabu cha Ufunuo. Kanisa halisomi Kitabu cha Ufunuo kwa namna hiyo. Chapa inayokatazwa pale ni ya ibada: ni kumpa mtawala wa dunia sifa na utii unaompasa Mungu peke yake. Kumwonesha askari wa barabarani uso wako na jina lako si ibada.

Ng'ambo kumekuwa na kesi zinazotusaidia kulipima jambo hili kwa utulivu. Katika jimbo la Alberta nchini Kanada wanaishi Wahuteri, Wakristo wa mapokeo ya Waanabaptisti waliotokana na Matengenezo ya karne ya 16, ambao humiliki mali zao kwa pamoja na kuishi kwa kilimo. Wengi wao huamini kwamba kupigwa picha kwa hiari kunavunja agizo la sura ya 20 ya Kitabu cha Kutoka, lile linalokataza kuchonga sanamu. Kuanzia mwaka 1974 serikali ya jimbo hilo iliwapa leseni zisizo na picha. Mwaka 2003 ikaondoa msamaha huo, ikitaka kila mwenye leseni awe na picha katika hifadhi yake ya kumbukumbu ili kuzuia wizi wa utambulisho. Jumuiya ya Wahuteri ya Wilson ilikwenda mahakamani. Tarehe 24 Julai 2009 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba sharti la picha ni halali. Majaji wengi walisema kwamba udereva si wa lazima kwa imani, na kwamba jumuiya ingeweza kuajiri madereva wa nje. Majaji wachache walijibu kwamba mzigo uliowekwa juu ya jumuiya ndogo ni mkubwa kuliko faida, kwa kuwa wakazi wengi wa jimbo hilo wasio na leseni hawakuwamo kabisa katika hifadhi hiyo ya picha.

Miaka 24 kabla ya hapo, nchini Marekani, mwanamke Mkristo wa jimbo la Nebraska alikuwa amekataa picha kwa sababu hiyohiyo. Mahakama ya rufani ilimpa haki, na mwaka 1985 majaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo waligawanyika 4 kwa 4, hivyo uamuzi wa rufani ukabaki. Nchi mbili jirani, zenye mapokeo ya sheria yanayokaribiana, zilifika mahali tofauti. Hilo latuonesha kwamba jambo si jepesi.

Sisi Wakatoliki hatuna kizuizi hicho. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulithibitisha uhalali wa picha takatifu ukijikita katika fumbo la Umwilisho: Mungu asiyeonekana ametwaa uso wa mwanadamu, uso uliotazamwa, uliopigwa makofi na kutemewa mate. Kwa hiyo picha ya uso wa binadamu haituogopeshi. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Dignitatis Humanae la mwaka 1965, unatufundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, ndani ya mipaka ya haki inayolinda utulivu wa jamii. Hivyo twaweza kumheshimu Mhuteri bila kukubaliana naye, na twaweza kuiomba serikali itafute njia isiyomwumiza mnyonge pale njia hiyo inapopatikana bila kuhatarisha uhai wa wengine. Mfano mwema tunao hapa nyumbani: masista wetu hupigwa picha wakiwa na shela zao, na dada zetu Waislamu wakiwa na hijabu zao, ilimradi uso uonekane. Sheria imepata inachokihitaji, na dhamiri haikujeruhiwa.

Sarafu ya Kaisari na barua ya Paulo

Katika sura ya 22 ya Injili ya Mathayo, Mafarisayo na Maherode wanamtega Bwana Yesu kwa swali la kodi. Anaomba aoneshwe sarafu, kisha anawauliza sura na maandishi yaliyopo juu yake ni ya nani. Sarafu ilikuwa na uso na jina, kama zilivyo kadi zetu leo. Jibu lake twalijua: kilicho cha Kaisari kirudishwe kwa Kaisari, na kilicho cha Mungu kirudishwe kwa Mungu. Mababa wa Kanisa waliliendeleza fundisho hilo wakisema kwamba, kama sarafu ni mali ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, basi mwanadamu ni mali ya Mungu kwa sababu ameumbwa kwa sura na mfano wake.

Tukilipeleka fundisho hili barabarani, twapata jambo la kutafakari. Dereva anaporudisha kwa serikali kilicho chake, yaani kutii sharti la leseni, bado hajamaliza. Anayevuka barabara mbele yake pale sokoni Tengeru, mtoto wa shule, bibi mwenye fimbo, muuza nyanya, amebeba sura ya Mungu mwenyewe. Sura iliyo katika kadi inatakiwa kwa ajili ya sura iliyo barabarani.

Kuhusu saini, twaweza kuutazama Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametoroka. Katika aya ya 19 anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba, kama Onesimo amemdhulumu bwana wake chochote, yeye Paulo atalipa. Mwandiko wake ni dhamana: anaweka jina lake mahali ambapo hasara inaweza kutokea. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2158, inafundisha kwamba jina la kila mtu ni takatifu, kwa kuwa Mungu humwita kila mmoja kwa jina lake. Ndiyo sababu kulitia jina letu chini ya uongo si kosa dogo la karatasi. Ni kulitoa jina lililopokelewa katika Ubatizo likashuhudie kisicho kweli.

Picha haithibitishi ujuzi

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha suala. Picha inathibitisha kwamba kadi ni ya mtu fulani. Haithibitishi kwamba mtu huyo anajua kuendesha. Historia inatufundisha hivyo. Uingereza ilianza kudai leseni kwa sheria ya mwaka 1903, lakini mwombaji hakupimwa: alilipa shilingi 5 akapewa. Mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima mwaka 1935 tu, baada ya miaka zaidi ya 30 na vifo vingi. Ajabu ni kwamba picha ilikuja baadaye sana, mwaka 1998. Kwa miongo mingi leseni ya nchi hiyo ilibeba saini bila sura. Kilichookoa maisha zaidi ya vyote ni mafunzo, na utii wa kanuni.

Kwetu sisi hatari ni ya kugeuza mambo: kuipata kadi yenye sura na saini halisi, huku mafunzo yaliyo nyuma yake yakiwa ya kubuni. Anayemlipa kishoka ili apate cheti cha chuo ambacho hakukikanyaga, au anayetoa rushwa ili apite bila kupimwa, hubaki na leseni ambayo kila kitu juu yake kinaonekana kuwa sawa isipokuwa ukweli. Amevunja Amri ya Nane kwa kushuhudia uongo kwa saini yake, na amejiweka katika hatari ya kuvunja Amri ya Tano. Katekisimu, katika kifungu cha 2290, inasema waziwazi kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wanajipatia hatia kubwa. Kwa mantiki hiyohiyo, twaweza kumwuliza anayebeba abiria bila ujuzi: dhamiri yako inakuambia nini?

Wakazi wa Arusha hatuhitaji mifano ya mbali. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi kutoka jijini mwetu lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Hatuvitaji vifo hivi ili kumhukumu marehemu yeyote wala kudai kwamba leseni ndiyo iliyokuwa chanzo. Tunavitaja kwa sababu vinatukumbusha uzito wa kazi tunayoiita kwa wepesi kazi ya kushika usukani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika barabara za dunia, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza katika kuwaua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio rika la Utoto Mtakatifu na la VIWAWA katika parokia zetu.

Mkataba wa pikipiki unaotuumbua

Vijana wengi wa bodaboda hawana pikipiki zao. Chombo ni cha mtu mwingine: mwalimu, mfanyabiashara, mtumishi wa umma, mstaafu aliyewekeza kiinua mgongo chake, pengine mwanajumuiya mwenzetu. Kijana hupewa pikipiki kwa mkataba, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Ni mpango unaoweza kuwa mwema, na umewainua wengi.

Tuuangalie, basi, mkataba wenyewe. Kabla ya kukabidhi ufunguo, mwenye chombo hudai picha ndogo za kijana, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, wadhamini wawili, na saini ya kila mmoja wao mbele ya shahidi. Anadai yote hayo ili pikipiki isipotee na fedha zake zirudi. Lakini ni mara ngapi, katika orodha hiyo ndefu, anaomba kuona leseni?

Swali hili latuumbua. Tunajua vizuri thamani ya sura na saini pale mali yetu inapohusika. Tunadai uso, tunadai jina, tunadai mkono wa shahidi. Ila inapohusika roho ya abiria, mama mjamzito anayewahishwa hospitali au mtoto anayepelekwa shule, tunaridhika kwa kuambiwa kwamba kijana "anajua kuendesha, alijifunza kwa rafiki yake". Aliye na chombo na kumkabidhi asiye na leseni hawezi kunawa mikono ajali inapotokea. Sheria yaweza isimfikie, lakini dhamiri itamfikia. Nasi tunamsihi kwa upendo: iongeze leseni katika masharti ya mkataba wako, na iwe ya kwanza.

Wakati huohuo haki inatutaka tumsikilize kijana. Ada ya leseni si mzigo pekee. Kuna karo ya chuo, nauli za kwenda na kurudi, na siku ambazo hesabu hailetwi kwa sababu dereva yuko kwenye foleni. Kijana anayelipa hesabu ya kila siku hana akiba ya kujilipia yote kwa mkupuo, na kila anaposimamishwa bila leseni hutozwa faini inayommalizia hata kile kidogo alichokuwa nacho. Anazunguka katika duara ambalo peke yake hawezi kulitoka. Tukiishia kumkaripia, tutakuwa kama wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine, wasitake kuigusa hata kwa kidole.

Tunaweza kufanya nini?

Mwezi Juni mwaka 2007, Baraza la Kipapa la Huduma ya Kichungaji kwa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa Miongozo ya Huduma ya Kichungaji ya Barabarani, ikiwa na amri kumi za dereva. Ya kwanza kati yake ni ileile ya kutokuua. Kanisa, kwa miongozo hiyo, lilitangaza kwamba barabara nayo ni mahali pa uinjilishaji. Kwa mwanga huo tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa parokia na vigango vyetu.

Kwanza, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga mkopo mdogo wa leseni, usio na riba, unaorudishwa kidogo kidogo. Mwenye pikipiki anaweza kufanya vivyo hivyo: alipie mafunzo na leseni, kisha aiingize gharama hiyo katika mkataba. Faida ni ya wote wawili, kwa kuwa pikipiki isiyokamatwa kila wiki huleta hesabu.

Pili, VIWAWA na UWAKA wanaweza kuwaalika askari wa usalama barabarani na walimu wa udereva kuja parokiani baada ya Misa. Vijana ishirini wakijiandikisha pamoja, ni rahisi zaidi kukubaliana na chuo kuhusu karo na ratiba, bila kumpitia kishoka yeyote.

Tatu, kuna desturi njema ya kubariki vyombo vya usafiri, hasa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, tarehe 25 Julai. Baraka si hirizi ya kuning'iniza kwenye kioo. Ingefaa siku hiyo madereva waalikwe kushika leseni zao mkononi na kurudia kwa sauti, mbele ya familia zao, ahadi ambayo saini yao iliitoa kimya kimya: kwamba hawataendesha wakiwa wamelewa, hawatakimbiza chombo, na hawatampa mwingine kadi yenye sura yao.

Nne, tulinde kile tulichokitoa. Sura, alama za vidole na saini ni taarifa binafsi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaitaka ofisi inayokusanya taarifa zetu izitumie kwa lengo lililotajwa na izihifadhi kwa usalama. Raia ana haki ya kudai hivyo, naye asirushe ovyo picha ya leseni yake katika makundi ya simu, ambako mwenye nia mbaya aweza kuichukua. Utii wa raia na uaminifu wa serikali hulindana.

Mwisho, tukumbuke kwamba leseni huisha muda. Kila baada ya miaka 5 dereva hurudi, hulipa ada, na hupewa kadi mpya. Si vibaya, siku hiyo, mwamini akajiuliza katika dhamiri yake: katika miaka hii 5, ni nani walioketi nyuma yangu wakanikabidhi uhai wao? Je, niliwafikisha salama? Je, jina langu bado linaweza kusimama chini ya ahadi ileile? Anayeweza kujibu ndiyo, na atie saini kwa amani. Asiyeweza, bado ana nafasi ya kitubio na ya kurudi darasani, kabla Jumatano nyingine ya soko haijajaza tena watu kandokando ya barabara ya Tengeru.